Kwa Nini Gari la Baba Halikuwaka

18 Februari

Kwa shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na gereji yako iwe inaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Chiriku wetu mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa anaongea kwa upepo, ila maneno hayajapungua. Mama amerudi kazini, ofisi ya maji. Anatoka mapema kwa sababu anakwenda kwa miguu. Akirudi anavua viatu mlangoni, anakaa. Tunakula. Hakuna anayeumwa.

Nakuandikia barua kwa sababu nyumbani kuna simu moja, ya mama, na namba yako imefutwa humo. Samahani kwa kukueleza hivyo. Nilitafuta namna nyingine ya kulisema, sikuipata. Anwani yako nimeitoa kwenye boksi la spea ulizokuwa ukimtumia baba. Ukijibu, tafadhali tumia anwani ya shule. Mwalimu wa maktaba atanipa barua bila kuniuliza maswali. Amezoea kuniona mle.

Jambo lenyewe ni gari. Lipo palepale baba alipoliacha, chini ya dirisha la jikoni, limeelekea getini. Chiriku ameandika jina lake kwenye vumbi la kioo cha nyuma. Mama halitazami. Akitoka anapita upande wa pili wa ua, wenye matope, ingawa upande wa gari una saruji. Zamani alikuwa akiliita mke mwenzangu, unakumbuka? "Leo mke mwenzangu kapewa oili mpya, mimi hata viatu sijaviona." Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Sasa mama haliiti chochote.

Wiki iliyopita alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Wamekubaliana atalichukua mwisho wa Juni, yadi yake ikipata nafasi. Mama anataka kununua gari jipya kwa mkopo wa kazini. Karatasi ziko mezani, zina picha ya gari jeupe. Mkopo utakatwa kwenye mshahara wake mpaka Chiriku awe mrefu kama mimi. Nilimuuliza ada yangu ya chuo itatoka wapi. Alisema, "Gari jipya halimwachi mtu uani." Halikuwa jibu la swali langu, lakini nilielewa kwamba nimejibiwa.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, ni kweli magari ya zamani yana faida kama ulivyokuwa ukimwambia baba, au yalikuwa maneno ya biashara? La pili, kwa nini halikuwaka asubuhi ile?

Najua ulichoambiwa na mama siku ya mazishi, mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na sufuria mkononi. Sikujua niliweke wapi.

Wasalimie mafundi wako.

Mwanao,
Kamusi

*

11 Machi

Kamusi wangu,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya tairi, mikono ina grisi, kwa hiyo ukurasa wa pili sasa una alama za vidole kama wa mhalifu. Mimi mzima. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini mgongo wa mtu anayelala chini ya magari unategemea nini? Mwambie Chiriku jino likiota namletea zawadi.

Umeniuliza kama yalikuwa maneno ya biashara. Wewe mtoto una adabu ya kuuma! Sasa nisikilize.

Gari jipya hupoteza thamani siku linapotoka dukani. Hiyo hasara lazima aile mtu. Ukinunua gari kuukuu, hasara ameshaila mwingine zamani, wewe unakuta sahani tupu na gari linatembea. Baba yako alilinunua lile kabla hajaoa, bei ya pikipiki, kutoka kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akiliendesha kwenda ibadani na kurudi. Tulikwenda wote wawili kulikagua. Nilimwambia muuzaji asiliwashe kabla hatujafika, maana gari likiwashwa likiwa baridi ndipo linasema ukweli. Nikavuta kijiti cha oili, nikatazama maji ya rejeta, nikalala chini kutafuta kutu. Baba yako alisimama pembeni ananiaibisha: "Dada, unanunua gari au unaposa?" Nikamwambia vyote viwili.

Tangu siku hiyo hakudaiwa na mtu kwa ajili ya gari. Spea zake zinapatikana kila kona. Fundi yeyote mwenye spana na akili zake anaweza kulifungua, halihitaji kompyuta ya kulibembeleza. Likikwaruzwa hulii. Bima yake ndogo. Na kwa kuwa unalishika mwenyewe kila wiki, unalijua. Linapotaka kuugua unalisikia mapema, kama mama anavyosikia kifua cha mtoto. Lakini lazima ulihudumie. Anayenunua gari la zamani halafu asiliguse, huyo kanunua matatizo. Oili ibadilishwe kabla haijawa nyeusi kama lami. Mkanda wa taimingi ubadilishwe kwa wakati, usisubiri ukatike. Breki usizibahatishe. Na kila mwezi weka kando kidogo kwa ajili yake, hata kama mwezi huo halijaomba kitu.

Kwa sasa, ulitoe vumbi. Fungua boneti, tazama oili, tazama maji, bonyeza tairi. Usiondoe maandishi ya Chiriku.

Soma kwa bidii. Baba yako alikuwa akinisomea matokeo yako kwa simu kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Shangazi yako

*

17 Machi

Kwa shangazi,

Shikamoo. Pole na mgongo. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza na mama bado anapita kwenye matope. Chiriku ameambiwa shuleni asiongee kipindi kizima, akaumwa tumbo.

Nimefanya ulivyosema, Jumamosi mama alipokwenda sokoni. Oili ipo katikati ya alama mbili, rangi ya asali. Maji yapo. Tairi moja la nyuma limelegea. Nimepata kitabu cha gari ndani ya kiboksi cha mbele, pamoja na penseli ya baba na kamba yake ya kupimia viwanja. Kitabu nimekisoma chote, hata sura ya redio ambayo gari letu halina. Kwenye kiti cha nyuma lile tobo lililochomwa na mguu wa kifaa chake cha kupimia bado lipo. Nilitia kidole humo. Sijui kwa nini nakueleza.

Shangazi, swali la kwanza umelijibu vizuri sana. La pili hukuligusa. Labda sikulieleza vizuri, kwa hiyo naeleza sasa jinsi ilivyokuwa.

Baba alirudi kutoka kwako Alhamisi jioni, ulipokuwa umelifanyia gari matengenezo ya mwaka mpya. Alikuwa na furaha. Tulipokuwa tunakula alisema, "Sasa hili hata mwizi hawezi kuliiba." Mtaani kwetu walikuwa wameiba magari mawili Desemba. Mama akamwambia, "Mwizi gani mwenye akili ataiba hilo?" Wote tukacheka. Mimi nilidhani utani ni huo.

Jumamosi asubuhi alikuwa anafunga kamba za viatu, akakaa sakafuni. Mama alidhani anatafuta kitu. Halafu baba hakuweza kuongea. Tulimbeba mimi na mama mpaka kwenye gari, nikakaa nyuma naye, kichwa chake mapajani kwangu. Mama hakuwa ameendesha siku nyingi, lakini anajua kuendesha. Alizungusha ufunguo. Taa zote za dashibodi ziliwaka, nyekundu na njano, kali kama kawaida. Alipofika pale pa kuwasha, kimya. Hata mlio wa tik haukusikika. Akarudia. Akarudia tena. Aliliambia gari, "Tafadhali." Sijawahi kusikia mama anasema neno hilo kwa sauti ile.

Baba aliunyoosha mkono mbele, kati ya viti viwili. Nilidhani anatafuta kitu cha kushika. Nikaushika, nikaurudisha kifuani kwake. Akaunyoosha tena, nikaushika tena.

Kisha mama akatoka akakimbilia barabarani bila viatu mpaka alipopata mtu mwenye gari. Tulifika hospitali. Mama alimuuliza daktari kama tungewahi zaidi ingekuwaje. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua. Alisema hivyo huku anaandika.

Nimesoma kwenye kitabu kwamba betri ikiisha taa hufifia. Zetu hazikufifia. Ndiyo maana nauliza.

Sijalia bado. Mwalimu wa maktaba ananitazama kama anasubiri.

Kamusi

*

20 Mei

Kamusi,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Mgongo ulinilaza, halafu kazi zikarundikana, halafu kalamu ikapotea. Nyote hamjambo? Mwalimu wako wa maktaba mwache akutazame.

Betri sasa itakuwa imekufa kwa kukaa. Ifungue: kwanza waya wa hasi, ule mweusi, ndipo mwekundu, ili spana isikupige cheche. Sugua ule unga mweupe kwenye vichwa vyake kwa maji ya moto, maana ule unazuia umeme kupita. Ipeleke kwa mchomeleaji mwenye chaja, ikae huko usiku mmoja. Ukiirudisha, anza na mwekundu, maliza na mweusi. Tairi lililolegea lipige upepo, kwa sababu tairi likikaa bila upepo linapasuka pembeni. Gari lisukume kidogo mbele na nyuma ili matairi yasilalie sehemu moja.

Nyaya za chini ya usukani usiziguse.

Magari yana tabia zake, mwanangu. Mengine hayaelezeki.

Huo mkopo mwambie mama yako asubiri. Au usimwambie, maana atajua umetoka kwa nani.

Shangazi yako

*

9 Juni

Kwa shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Jino la Chiriku limeota, limekaa kishingo upande. Mama amejaza karatasi za mkopo kwa kalamu. Zamani zilikuwa zimejazwa kwa penseli. Kilichobaki ni kutia saini.

Betri niliipeleka kwa mchomeleaji ndani ya toroli la kubebea maji. Alicheka. "Binti, hili gari lenu mlishalifanyia matanga, sasa mnalirudishia moyo?" Kisha akanitazama usoni, akaacha kucheka, akaichaji. Hakutaka malipo.

Niliirudisha ulivyosema, mwekundu kwanza. Nilikaa kwenye kiti cha baba, nikazungusha ufunguo. Taa zikawaka kali. Nikaendelea mpaka pale pa kuwasha. Kimya, kimya kilekile.

Basi nikatoa barua zako zote nikazisoma tena. Nimegundua jambo moja. Kila unachoniagiza unanipa na sababu yake. Waya mweusi kwanza, kwa sababu ya cheche. Tairi lipigwe upepo, kwa sababu litapasuka. Muuzaji asiwashe gari, kwa sababu likiwa baridi linasema ukweli. Agizo moja tu halina sababu.

Nililala chini na tochi ya shule. Juu ya pale goti linapokaa, nyuma ya kifuniko cha fyuzi, kuna swichi ndogo nyeusi, kama ya taa ya mezani. Kitabu cha gari hakina swichi hiyo. Nimekitazama mara mbili. Waya zake zimeunganishwa na kufungwa utepe, na pembeni ya utepe umechungulia uzi mwekundu wa kushonea.

Shangazi, wewe ndiye uliyetengeneza pasi yetu, na taa ya chumbani kwangu, na kengele ya mlango. Kila ulipounganisha waya ulizungushia uzi wa kushonea kwanza, ndipo utepe juu yake. Nilikuuliza kwa nini, ukasema utepe hulegea kwa joto, uzi haulegei. Nilikuwa mdogo kuliko Chiriku. Sijaona fundi mwingine anayefanya hivyo.

Nilibonyeza swichi. Nikazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, kama lilizimwa jana. Moshi mweupe kidogo, kisha safi. Chiriku alitoka mbio nyumbani akiwa na kijiko: "Baba karudi?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Aa," akarudi kula. Nikazima. Mama alikuwa kazini.

Sasa najua mkono ulikuwa unakwenda wapi.

Sikukasirikii. Nimejaribu kukasirika, kwa sababu nadhani ndilo linalotakiwa, lakini ndani ni kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno. Naweza kuugusa na najua ni wangu.

Mnunuzi wa vyuma anakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikimwambia mama, gari litabaki na mkopo hautasainiwa, lakini atajua kwamba kulikuwa na kitu karibu na goti lake. Nisipomwambia, ataendelea kulichukia gari, na wewe. Naomba uniambie nifanye nini. Safari hii usichelewe.

Kamusi

*

14 Juni

Kamusi,

Hakuna salamu ndefu leo.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Niliweka swichi ile Jumatano, yeye amekaa juu ya kopo la rangi anakula karanga na kunisumbua. Gari la zamani ni rahisi kuiba, ndiyo kasoro yake moja kubwa, na dawa yake ni hiyo. Watu wengi nimewawekea. Inakata umeme wa stata tu, ile mota ya kuamsha injini, taa zinawaka kama kawaida, mwizi anadhani gari ni bovu, anaondoka.

Nilimwambia, "Siri hii isiwe ya mtu mmoja. Ukifika tu, mwonyeshe wifi." Akasema, "Nitamwonyesha Jumapili, tukienda kwa rafiki yake. Nataka nimfanyie mchezo, aliwashe ashindwe, nimcheke." Nikacheka na mimi. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna kingine.

Siku ya mazishi mama yako aliponiambia, "Wewe na makopo yako mmemuua," sikuweza kusema hapana. Niliondoka kabla ya chakula.

Hiyo habari ya mkono niliisoma nikafunga gereji. Mgongo haukuwa unaniuma. Kalamu nayo haikupotea.

Umeniomba ushauri, huu hapa. Mwache mnunuzi alichukue. Mimi niliyesema magari haya yana faida nasema hivyo. Mama yako akilichukia gari bovu, anaweza kuishi. Akijua ni kidude cha kubonyeza, atakuwa anakibonyeza kila siku kichwani mwake. Nichukieni mimi na gari, tumezoea kugongwa. Ada yako nitaitafuta mimi.

Usimwambie.

Shangazi yako

*

2 Julai

Kwa shangazi,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mvua zimekwisha. Barua yako ilinifikia kwa wakati. Niliiweka ndani ya kitabu cha gari nikaisoma kila siku mpaka Jumamosi, na nilikuwa nimekubali kukutii. Naomba ulijue hilo kwanza.

Mnunuzi alikuja na lori lenye mnyororo na vijana wawili. Mama alisimama kwenye ngazi ya jikoni, mikono ameikunja. Mnunuzi akalizunguka gari anapiga teke matairi.

"Mama, hii bei niliyosema ni ya heshima ya marehemu. Gari lenyewe limekufa."

"Lichukue tu," mama akasema.

"Mngeendesha hilo jeupe uliloniambia mkasahau shida. Haya ya zamani haya, siku ya shida yanakugeuka."

"Najua. Ndilo lililomwacha mume wangu uani."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja namba ya nyumba. Chiriku alikuwa amesimama kando yake. Nilimwona Chiriku anatikisa kichwa, ndiyo, kama anavyofanya darasani akikariri. Nikajua kwamba ndivyo atakavyokuja kuwaambia watoto wake.

Nikasema, "Linawaka."

Mnunuzi akageuka. "Nini?"

"Halikufa. Linawaka."

"Kamusi," mama akasema, "nenda ndani ukasome."

Sikwenda. Shangazi, unajua mimi siwezi kuongea mbele ya watu, hata shuleni najibu kwa kuandika. Sikuongea zaidi. Niliingia, nikainama, nikabonyeza, nikawasha.

Mnunuzi alicheka kwa furaha. "Eh! Basi mama, hili si chuma tena. Hapa tuongee lugha nyingine, tukae chini, mniletee na maji ya kunywa." Lakini mama hakumtazama. Alikuwa anatazama pale nilipoinama. Alishuka ngazi, akapita upande wa saruji. Akamwambia mnunuzi, bila kugeuka, "Ondoka." Yule akaanza kusema kuhusu mafuta ya lori. "Ondoka, baba. Asante." Wakaondoka na mnyororo wao.

"Zima," akaniambia. Nikazima. "Toka." Nikatoka. Akaketi.

"Nionyeshe."

Nilimshika mkono nikaupeleka. Alikigusa kile kidude kwa ncha ya kidole, muda mrefu. Akazungusha ufunguo kikiwa kimezimwa. Kimya. Akabonyeza. Likawaka. Akazima, akarudia. Nadhani alirudia mpaka Chiriku akachoka kutazama.

"Nani aliweka?"

"Shangazi. Kwa sababu ya wezi. Baba alikuwa akuonyeshe."

"Lini?"

"Jumapili."

"Jumapili," mama akasema. "Mtu huyu na michezo yake." Halafu alicheka, shangazi, kicheko kidogo cha puani, kama zamani akitaja viatu. Kisha akaweka paji la uso kwenye usukani, honi ikalia, akashtuka, akainuka. Hakulia. Na mimi sikulia. Chiriku ndiye aliyelia, kwa ajili ya honi.

Kisha aliniuliza nimejuaje kwamba ni kazi yako, nikamweleza habari ya uzi mwekundu. Akaniuliza wewe ulijua lini. Nikasema muulize mwenyewe. Jioni alizirudisha karatasi za mkopo kwenye bahasha yake bila kuzichana, akaiweka juu ya kabati.

Kuhusu mkono wa baba, sijamwambia na sitamwambia. Hilo libaki kwetu, wewe na mimi.

Jumatatu alikwenda kazini na gari. Lilimzimikia mara mbili getini, jirani akampigia makofi, mama akamwonyesha ulimi. Nilidhani ataiondoa swichi. Nilimwambia mchomeleaji anaweza kuikata na kuunganisha waya moja kwa moja. Alisema hapana. Badala yake ametufundisha wote. Kila jioni kabla ya chakula anamwita Chiriku, anamfunga kitambaa machoni, anamkalisha kwenye kiti cha mbele, na Chiriku lazima aipate swichi kwa kupapasa. Siku za kwanza alikuwa anabonyeza taa. Sasa anaipata kabla hata kitambaa hakijafungwa vizuri. Mama anasema, "Tena." Anaipata tena. Mama anasema, "Haya, tukale."

Oili itahitaji kubadilishwa mwezi ujao. Nimeandika tarehe ndani ya jalada la kitabu, chini ya mwandiko wa baba.

Mwanao,
Kamusi

Wifi, mtoto ameikunja barua, kaniachia nafasi hii tu niongeze neno; ya juu sijayasoma. Kitasa cha mlango wa nyuma wa gari, upande wa kushoto, kimevunjika. Nilikivunja mimi siku ile. Hapa sijapata kinacholingana. Ukikipata huko, usikitume kwa posta. Kilete mwenyewe.